Jina la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anaitwa Akiba. Kwa miaka arobaini niliyoishi naye, sikumbuki mgeni aliyeingia nyumbani kwetu akatoka bila kusimuliwa habari za jina hilo. Baba yake alikuwa seremala. Alizika mabinti wanne, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa na majina mazuri mazuri. Wa tano alipozaliwa mzee akasema, huyu simpambi, huyu namweka tu. Akamwita Akiba, kitu ambacho mtu mwenye akili hakigusi, na kifo nacho hakikumgusa. "Zunguka mji mzima," mama mkwe humalizia, "hutampata mwingine mwenye jina langu."

Mimi humsikia nikiwa jikoni, mikono ndani ya beseni la vyombo, nikicheka peke yangu. Nilijua wako kumi na saba, na wote niliwaandika kwa kalamu yangu.

Sijisafishi. Wodini waliniita Sista Shoka, wala sikuwahi kuuliza kwa nini. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na miwili, kumi na mmoja ya mwisho nikiwa mkuu wa wodi. Mikono hii imepokea watoto wa watu mpaka hesabu ikanipotea, na mimi mwenyewe sikupata hata mmoja. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi umeme, mtu mpole asiye na makuu, na hakuwahi kuniuliza mtoto yuko wapi. Mama yake ndiye aliyeuliza kwa niaba ya ukoo mzima.

Aliuliza hadharani, kila mara. Mwanangu ameoa gogo, alikuwa akisema, sasa gogo utalimwagilia mpaka lini? Jina lake lilikuwa limetengwa kwa ajili ya mjukuu wa kike, naye alihesabu miaka ya jina hilo kukaa bure kana kwamba ni chumba nilichogoma kukipangisha. Asubuhi moja majirani wawili walikuwa sebuleni, nami napita na mkoba wangu wa kazini. Akawaambia bila hata kupunguza sauti: "Huyu anakwenda kupokea watoto wa wenzake. Akirudi jioni atapokea chakula changu." Majirani wakatazama vikombe vyao. Nikafunga mlango taratibu, nikaenda zamu.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na mtoto wa kike kitanda cha sita, amezaliwa usiku, na mama yake ameshatoroka. Stoo yetu ilikuwa na utaratibu wake: kopo la maziwa halitoki bila fomu, na fomu haipiti bila jina. Mtunza stoo alikuwa mtu wa sheria kuliko hakimu. Akaniambia dirishani, "Sista, mimi siwezi kumpa maziwa mtu asiye na jina." Kwa kawaida tuliwapa majina ya muuguzi yeyote aliyekuwa zamu. Mimi nikashika kalamu, maneno ya asubuhi yakiwa bado yananikata maini, nikaandika Akiba.

Nililitazama lile jina kwenye fomu, hasira yote ikanipoa. Jina la watu wazito, jina lisilo na mwenzake mji mzima, sasa liko juu ya mtoto aliyetupwa. Nikachukua maziwa nikarudi wodini.

Baada ya hapo ikawa desturi yangu. Kila mtoto wa kike aliyetelekezwa hospitalini kwetu alipita mezani kwangu, na kila mmoja aliondoka na jina la mama mkwe. Wavulana niliwaachia wenzangu, nao wakawapa majina ya wachezaji mpira. Watu wa ustawi wa jamii walikuja kuwachukua, wazazi wa kulea wakapatikana, na jina lilibaki vilevile kwa kuwa kulibadilisha kulitaka kwenda mahakamani, na isitoshe lilipendeza masikioni. Ndani ya miaka kumi na mmoja wakafika kumi na saba. Watoto wenyewe sikuwawaza. Nilimwaza yeye tu.

Nilipanga kumwambia siku moja akiwa kitandani, hawezi kuinuka, nimwinamie sikioni nimpe hesabu yote ya wajukuu zake. Lakini mtu huyu alikataa kuugua. Mume wangu akatangulia, nikastaafu, tukabaki wanawake wawili katika nyumba ambayo hati yake ina jina la mama mkwe. Nikawa namkata kucha, namsugua mgongo, nampangia vidonge vyake. Alipofikisha miaka themanini na sita ugonjwa pekee aliopata ni mtoto wa jicho. Daktari alipomweleza, akamjibu, "Afadhali. Nyumba yetu ilikuwa haijapata mtoto wa aina yoyote." Daktari akacheka mpaka akashika meza. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mama mkwe mkono.

Baada ya upasuaji tukaambiwa twende kuchukua miwani. Duka lilikuwa dogo, fremu zimepangwa ukutani kwa safu, na nyuma ya meza alikaa dada wa miaka ishirini na tisa hivi, mjamzito, mwenye vidole vyepesi. Alimvisha mama mkwe fremu moja baada ya nyingine, akimgeuza kidevu kwa upole, akimtania kwamba hii inamfanya aonekane mkuu wa shule na hii inamfanya aonekane mdaiwa sugu. Mama mkwe alipenda kutaniwa na watu wa nje. Kisha dada akavuta fomu.

"Jina la bibi?"

"Akiba," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Bibi anaitwa Akiba? Na mimi ni Akiba."

Mama mkwe akageuka kwenye kiti. "Nani kakupa jina langu?"

"Marehemu mama yangu aliniambia nilikuja nalo," dada akasema, akitabasamu. "Kila nikimwuliza alinijibu hivyo hivyo, ulikuja nalo. Tena siko peke yangu, bibi. Nimewatafuta kwenye simu, tuko kumi na wawili sasa, wote wa mji huu huu. Tuna kundi letu, tunaitana somo. Lakini hakuna anayejua jina limetoka wapi. Wewe ndiye mkubwa wa kwanza kumwona nalo."

Kumi na wawili, nikawaza, bado watano. Nilimtazama mama mkwe nikitegemea kuona anavyovunjika. Alipapasa fremu mezani kana kwamba anatafuta kitu alichokiangusha. Kisha akasema, "Njooni nyumbani Jumapili. Niwaeleze mnachovaa kilifumwa na nani."

Alipoingia chumba cha ndani kupimwa tena, yule dada akanivuta pembeni, karibu na kioo.

"Mama, bibi amesema ulikuwa sista hospitali ya hapa. Kadi zetu zote za kliniki zina muhuri wa hospitali hiyo. Hukumbuki lolote?"

"Kama lipi?"

"Sijui. Labda kulikuwa na mtu maarufu wa jina hili, watu wakamwiga. Nauliza kwa sababu huyu ni wa kike." Akagusa tumbo. "Natamani kumpa jina hili hili. Mume wangu anasema hampi mwanawe jina lisilo na mwenyewe. Na mimi mama hayupo tena wa kumwuliza. Nataka nijue tu nimetoka kwa watu gani, nimwambie mtoto."

Nilimtazama usoni nikijaribu kukumbuka ni yupi kati yao. Hakujua kwamba aliyemlea siye aliyemzaa. Hilo lilikuwa wazi kabisa. Na tumbo lilikuwa la miezi saba, limeshuka kidogo kuliko nilivyopenda. Mwanamke wa hali ile hapigwi na habari kama ile, nimeifanya kazi hiyo, najua.

"Sikumbuki, mwanangu," nikamwambia. "Watoto walikuwa wengi."

Njiani kurudi nilikata shauri kwamba siri ile nitazikwa nayo. Mama mkwe alikuwa ameshapata pigo la kugundua kwamba jina si lake peke yake, na hilo lingenitosha. Nilijisifu hata. Nikasema kumbe na mimi nina huruma zangu zimewekwa mahali.

Jumapili wakaja watano. Yule wa duka la miwani aliwatangulia, nyuma yake mmoja mrefu anayefundisha kuogelea, mmoja wa benki, na wawili waliokuwa bado chuoni. Wote walivaa fulana nyeupe zilizoandikwa AKIBA kifuani kwa herufi kubwa, na wakamletea mama mkwe ya kwake. Akaivaa hapo hapo juu ya gauni. Nilisimama mlangoni na birika, sebule imejaa jina lile kila upande ninaogeukia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, somo zangu. Kaeni niwaone, sasa nina macho."

Akawakagua mmoja mmoja kwa miwani mipya. Yule mrefu akaambiwa wazazi wake walimlisha ngazi. Wa benki akaambiwa anatabasamu kama anayekataa mkopo. Wakacheka, wakamsogelea, mmoja akaanza kumkanda miguu bila kuombwa. Kisha akawapa ile hadithi ya seremala na mabinti wanne, lakini safari hii aliisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kusikia, polepole, akitaja hata majina ya wale dada zake waliokufa, ambayo mimi sikuwahi kuambiwa. Wa miwani alikuwa akimrekodi kwa simu huku machozi yanamtiririka. Niliona wivu, nalisema kama lilivyo. Miaka arobaini nimemsugua mgongo na sikuwahi kupewa sauti ile.

"Kwa hiyo nikimpa mwanangu jina hili," wa miwani akasema, "nitakuwa na cha kumwambia."

"Mwambie ni jina la mtu aliyewekwa. Akiba haiozi."

"Na wajukuu zako, bibi? Hakuna hata mmoja aliyerithi?"

Mama mkwe akaniinulia kidevu. "Wajukuu wa wapi? Muulizeni huyo mwenye birika. Kule hospitali alipokea watoto wa ulimwengu mzima. Humu ndani hakuniletea hata mtoto wa paka."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka kwa mkubwa wakiwa nyumbani kwake. Wa miwani naye alicheka, mkono juu ya tumbo lake. Kama angetazama pembeni, au angekohoa tu, pengine yaliyofuata yasingetokea. Lakini alicheka, na tumbo lile likatikisika, nami nikaweka birika mezani.

"Mnatafuta jina limetoka wapi," nikasema. "Limetoka kwangu."

Mama mkwe akasema, "Wewe mimina chai, usianze."

"Nyinyi wote mlitupwa," nikasema. "Mlizaliwa wodini kwangu, au mliokotwa mkaletwa wodini kwangu, na aliyewazaa hakurudi. Stoo ilikuwa haitoi maziwa bila jina. Mwenye kuandika jina alikuwa mimi. Na kila wa kike niliyeletewa, kumi na saba kwa miaka kumi na mmoja, nilimwandika jina la mama huyu, kwa sababu alikuwa hataki liguswe, na kwa sababu asubuhi na jioni alikuwa ananiita gogo. Nikasema anataka wajukuu, acha nimpe wajukuu wanaomfaa."

"Si kweli," akasema wa benki.

"Umezaliwa mwaka gani? Mwezi?"

Akataja.

"Wewe ni wa boksi la sabuni. Mlinzi alikukuta getini, akadhani ni takataka, akakusogeza kwa mguu." Nikamgeukia mmoja wa wale wa chuo, na yeye akataja mwezi wake kabla sijamwuliza, kama mtu aliyeitwa na mwalimu. "Wewe uliachwa chumba cha kufulia, juu ya mashuka machafu. Aliyekuweka alichagua mahali pa joto, hilo nampa."

Niliona nyuso zao zikijifunga moja baada ya nyingine na sikuacha. Kuna kasi mtu akishaipata hawezi kuisimamisha, na siwezi kudanganya kwamba sikuifurahia. Sauti yangu ilikuwa ile ya kazini, ya kusoma majina ya zamu.

Wa miwani alikuwa bado ameinua simu, inarekodi. Akaishusha. "Na mimi? Mimi ni tarehe tisa mwezi wa saba." Akataja mwaka.

"Wewe ndiye wa kwanza. Kitanda cha sita. Mama yako alitoka saa ya kutazama wagonjwa, akaacha ndala zake chini ya kitanda, kwa hiyo tulidhani amekwenda chooni. Tulimsubiri mpaka saa nane mchana."

"Mama aliniambia nilikuja nalo."

"Ulikuja na shuka ya hospitali. Mama yako wa kulea alikukuta na jina hilo, basi hakukudanganya."

Yule mrefu alisimama, kichwa karibu na taa. "Mimi nilikuwa najua," akasema. "Niliambiwa nikiwa na miaka kumi. Nilipoingia kwenye kundi nikaona miaka yetu na muhuri ule ule, nikaelewa wote tuko hivyo. Sikuwaambia kwa sababu walikuwa wamefurahi." Akanitazama. "Ungepungukiwa nini, mama, ukinyamaza?"

Nilikuwa nimeshamgeukia mama mkwe, maana uso ule nilikuwa nimeungoja miaka ishirini na tisa na sikutaka kuukosa. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa ile fulana yenye jina lake, akaivaa tena. Akanitazama mimi, kisha akawatazama wao, kisha akanirudia. Nilimwona anapima.

"Kumbe ulinizalia," akasema. "Kumi na saba. Na mimi nikikuita gogo."

"Hukunisikia? Ni watoto wa kutupwa."

"Nimesikia, sina uziwi, nilikuwa na mtoto wa jicho tu." Akawapungia mkono wasichana. "Njooni hapa. Baba yangu aliniweka mimi kwa sababu alikuwa amechoka kuzika, si kwa sababu alinipenda. Alinipenda baadaye, nilipokataa kufa. Nani kawaambia mtu lazima apewe jina kwa mapenzi? Huyu aliwapa kwa chuki, mkalitumia, mkakua nalo. Ni lenu. Mimi ni bibi yenu na nyumba hii ni ya bibi yenu."

Wakaenda. Kwanza wale wa chuo, wakalala magotini kwake wakilia, kisha wa benki, na yule mrefu akasimama nyuma ya kiti akamshika mabega. Mtu aliyeanguka hushika kilicho karibu. Na mama mkwe akawapapasa vichwa huku macho yake kwangu, juu ya vichwa vyao, yamekaza. Sijui kama wakati ule aliwapenda wao au alinichukia mimi tu. Kwa umri wake, labda ilikuwa kitu kimoja. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nimemtafutia fimbo miaka yote ile, nikaichonga, nikaisugua, na sasa nimemkabidhi mwenyewe mkononi.

Wa miwani hakwenda kwa bibi. Alikuja kwangu, polepole, mkono mmoja mgongoni kama wajawazito wanavyotembea.

"Mama, ulikuwa unatafuta mtoto wakati ule?"

"Nilitafuta mpaka nilipokoma kutafuta."

"Na mimi nilikuwa pale kitandani sina mama."

Nikaanza kupanga vikombe upya.

"Si mimi tu. Kumi na saba. Walipita mezani kwako mmoja mmoja, miaka kumi na mmoja." Hakuwa analia tena. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa jinsi mashine inavyofanya kazi. "Kwa nini hukuchukua hata mmoja?"

Siku ile ya kwanza mume wangu alikuja wodini kurekebisha taa ya chumba cha wauguzi. Alikuta nimemwacha mtoto wa kitanda cha sita analia, nahangaika na fomu. Akanawa mikono bila kuambiwa, akambeba, akampa chupa yeye mwenyewe, amesimama, bisibisi bado mfukoni. Mtoto alipomaliza hakumweka chini. Akaniambia tumchukue huyu. Nikamwambia silei mtoto wa mtu. Akasema sawa, akanirudishia, akamaliza taa yake akaondoka. Miezi kama minne baadaye akaniuliza tena, mara moja tu, tukiwa kitandani, nami nikamwuliza kama naye ameanza kuniona gogo. Hakuuliza tena mpaka anakufa.

Ningeweza kumdanganya yule dada. Ningeweza kusema sheria haikuruhusu, au kwamba tulikuwa hatuna uwezo. Lakini mchana ule nilikuwa nimeshauzoea ukweli, ulikuwa unatoka wenyewe.

"Kwa sababu ningekuleta nyumba hii," nikamwambia, "ungekuwa mjukuu wake. Angepata alichokuwa anakitaka."

Mama mkwe alikuwa ameacha kupapasa vichwa, na nina hakika alisikia, kwa kuwa hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomwona ameinamisha uso.

"Mume wangu alikutaka," nikaongeza, sijui kwa nini. "Alikubeba. Mimi ndiye niliyekataa."

Dada akachukua mkoba wake kwenye kiti. Alikunja ile simu ndani ya leso, akaiweka, akafunga zipu. Akaenda kumuaga bibi kwa kumshika mkono, akatoka. Mimi hakuniaga, na sikutegemea.

Miezi mitatu imepita. Wanakuja kila Jumapili, na sasa si watano, ni tisa, siku nyingine kumi. Kazi zangu zimegawanywa kama zamu. Mrefu anamkata kucha, wa benki anampangia vidonge na kumsomea gazeti, wale wa chuo wanamsugua mgongo huku wanacheka naye bafuni mpaka nawasikia jikoni. Mimi nimebakishiwa chai. Mama mkwe hajaniita gogo tena tangu siku ile. Ananiambia asante ninapoweka kikombe, kwa adabu, kama anavyomwambia muuza duka. Kuna siku natamani anitukane.

Wa miwani naye alirudi. Alijifungua salama, mtoto wa kike, katika wodi ile ile iliyokuwa yangu. Alipoingia na mtoto mkononi aliniamkia vizuri, shikamoo mama, nikaitikia, akapita. Jina langu halimo katika hasira yake. Ananitendea kama jirani, na sijui nifanye nini na hilo.

Jumapili iliyopita niliingia na sinia nikamkuta mtoto amelazwa mapajani kwa mama mkwe. Ana mashavu, na ana tabia ya kukunja ngumi akilala. Nikaweka sinia chini.

"Mzuri," nikasema. "Hatimaye mlimpa jina gani?"

Mrefu akatazama dirishani. Mama mkwe akamvuta mtoto karibu na kifua. Mama wa mtoto ndiye aliyejibu, kwa upole ule ule aliokuwa nao dukani alipokuwa anageuza videvu vya watu.

"Ana jina, mama. Asante kwa chai."

Humwita kwa jina lake wakati mimi niko jikoni. Nafunga bomba nisikilize, nao wakisikia maji yamekatika hupunguza sauti. Mpaka leo silijui.